Goti la Askari na Mzigo wa Shaka

Daktari tuliyemzoea hutuuliza tunaumwa nini ili atutibu. Yuko daktari mwingine anayeuliza swali hilohilo, akakunja goti la mtu, akampima masikio, akamwuliza habari za usingizi wake, kisha akaagana naye bila kumpa hata kidonge kimoja. Huyu ni daktari mchunguzi wa ulemavu wa askari wastaafu. Kazi yake ni kuandika ripoti inayosema mtu huyu ana nini, kimemlemaza kiasi gani, na kama kimetokana na utumishi wake jeshini. Ripoti humfikia afisa ambaye pengine hatamwona askari huyo maisha yake yote. Afisa ndiye anayekata asilimia, na asilimia hiyo ndiyo inayogeuka kuwa pesa ya kila mwezi mpaka kaburini.

Wengi hudhani kwamba kuongoza huduma ya namna hii ni kazi ya utawala tu: kuajiri madaktari, kupanga miadi, kuhesabu ripoti zilizokamilika. Nikilinganisha jinsi Marekani, Uingereza na Ufaransa zilivyoijenga kazi hii kwa karne kadhaa, naona jambo zito zaidi. Chukua mfano wa askari mmoja: miaka 30 imepita tangu mlipuko uliompata. Faili la hospitali ya kambini halionekani. Goti linauma, na hakuna awezaye kusema kwa yakini kama ni mlipuko ule au ni uzee. Hapo pana shaka, na shaka haiyeyuki yenyewe; lazima mtu aibebe. Serikali ikikataa kuibeba, ataibeba askari. Kiongozi wa uchunguzi ndiye anayelinda au kuvunja mgawanyo huo wa mzigo, kila siku, katika maelfu ya vyumba ambamo yeye mwenyewe hayumo.

Historia imetuachia viongozi wawili wanaofaa kuwekwa uso kwa uso.

Wa kwanza ni James Tanner. Alikuwa koplo wa miaka 18 katika jeshi la Muungano la Marekani alipopoteza miguu yote miwili chini ya magoti, katika mapigano ya pili ya Bull Run ya vita vya ndani vya Marekani, Agosti 1862. Akajifunza hati mkato, na usiku ambao Rais Lincoln alikuwa akikata roho, Aprili 1865, yeye ndiye aliyeitwa kunakili maelezo ya mashahidi. Machi 1889 Rais Benjamin Harrison alimteua kuwa Kamishna wa Pensheni. Ofisi yake ilikuwa katika jengo kubwa la matofali mjini Washington, lililosanifiwa na Montgomery Meigs na kukamilika mwaka 1887 kwa ajili ya kazi hiyo moja. Sheria ya 1862 ilimpa askari wa kawaida aliyelemaa kabisa dola 8 kwa mwezi, na kipimo kilikuwa uwezo wake wa kufanya kazi ya mikono. Madaktari wachunguzi, aghalabu watatu katika bodi moja, walikaa katika miji kote nchini wakiwapokea wakongwe wa vita. Tanner alianza kufungua upya mafaili na kupandisha viwango, hata vya watumishi wa ofisi yake mwenyewe. Aligongana na waziri wake, John Noble, na kufikia Septemba mwaka huohuo alikuwa ameondoka.

Wa pili ni Sir John Collie wa Uingereza. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia alikuwa akiwachunguza wafanyakazi kwa niaba ya kampuni za bima na halmashauri ya jiji la London, na mwaka 1913 alitoa kitabu kizima kuhusu watu wanaojifanya wagonjwa. Vita vilipowaka na maelfu ya askari wakarudi wakitetemeka, wamepoteza sauti, hawalali, serikali ilimkabidhi mtu huyo uongozi wa bodi maalumu ya kuwachunguza waliovunjika akili kwa mabomu.

Tanner alikosa utaratibu. Huruma yake ilikuwa ya kweli, lakini alipoigawa bila mizani, hasa kwa watu wa karibu naye, aliwapa wapinzani wa pensheni silaha waliyokuwa wakiitafuta, na askari asiye na jamaa ofisini akabaki palepale. Hata hivyo, naliona kosa la Collie kuwa kubwa zaidi. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mtu anadanganya. Daktari akianzia hapo, kila kinachofuata hugeuka ushahidi wa uongo: askari akilia anaigiza, akinyamaza anaficha. Collie aliiingiza shaka katika uchunguzi wenyewe na kumtwisha mgonjwa, tena mgonjwa wa akili, ambaye ndiye mwenye nguvu chache kuliko wote za kujitetea.

Uingereza ilijaribu kuikimbia dhana ya mtu mmoja kwa kutumia jedwali. Katika vita vile vya kwanza viungo vilipewa asilimia: mkono wa kulia ulihesabiwa zaidi ya wa kushoto, na uso ulioharibika vibaya ulilipwa kama ulemavu kamili, sawa na upofu. Urithi wa jedwali hilo upo hadi leo katika pensheni za vita za mfumo wa zamani. Kidole cha shahada kikikatwa chote ni asilimia 14. Jicho moja likipotea, la pili likiwa zima, ni 40. Aliye chini ya asilimia 20 hupewa kiinua mgongo cha mara moja. Kuanzia 20 hupata malipo ya kudumu. Jedwali lina haki yake, na sipendi linapobezwa. Mtoto wa jenerali na mtoto wa mchimba makaa wakipoteza kidole, kidole chao ni kimoja mbele ya karatasi. Lakini fundi cherehani na mlinzi wa usiku hawapotezi kitu kilekile wanapopoteza kidole kilekile, na hilo jedwali haliwezi kulijua.

Marekani ilichukua njia nyingine, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi ya uongozi inapoonekana waziwazi kuliko kwingine. Tangu sheria ya 1917, kipimo chao ni wastani wa hasara ya kipato inayosababishwa na ulemavu fulani. Mwongozo wanaoutumia sasa una msingi wa 1945, umerekebishwa mara nyingi, na hupanda kwa kumi kumi kutoka 0 hadi 100. Asilimia hazijumlishwi kama fedha za sokoni. Mwenye 50 na 30 hapati 80: ile 30 hukatwa kutoka katika nusu ya uzima iliyobaki, inakuwa 65, kisha inapandishwa hadi 70. Askari wengi hukasirika wanapoliona hili kwa mara ya kwanza, na ofisi isiyowaeleza mapema huvuna chuki isiyo ya lazima.

Tazama goti. Mwongozo unasema goti lisilokunjika kupita nyuzi 45 ni asilimia 10; likiishia nyuzi 30 ni 20; likiishia 15 ni 30. Daktari huchukua kipimapembe na kupima. Kipimo kinaonekana safi, hakina upendeleo. Lakini mtu huyu amekuja saa nne asubuhi, amepumzika, ameketi katika chumba cha baridi kwa nusu saa. Goti lake huvimba jioni baada ya kupakua mizigo siku nzima. Usiku hupanda ngazi kwa makalio. Kipimapembe cha saa nne hakiujui usiku huo. Mwaka 1995, katika kesi ya DeLuca, mahakama ya rufaa za askari wastaafu iliamua kwamba mchunguzi lazima azingatie maumivu, udhaifu na vipindi ambavyo maradhi huzidi. Madaktari wengi wakaendelea kuandika kwamba hawawezi kusema lolote kwa kuwa goti halikuwa limechachamaa siku ya uchunguzi. Mwaka 2017, katika kesi ya Sharp, mahakama hiyohiyo ikasema jibu hilo pekee halitoshi: mwulize mwenye goti huzidiwa lini, mara ngapi na hushindwa nini, soma faili lake, kisha kadiria.

Kati ya hukumu hizo mbili kuna miaka 22. Mahakama hubadilisha sheria kwa siku moja, ila haibadilishi mikono ya wachunguzi. Hiyo ni kazi ya kiongozi. Anaifanya kwa kuhakikisha faili limemfikia daktari kabla ya miadi, na kwa kuirudisha ripoti isiyo na sababu hata kama foleni ni ndefu. Muda ndio unaoteseka kuliko vyote. Kwa sheria ya 1996 Marekani iliruhusu kampuni binafsi kujaribiwa katika uchunguzi huu, na leo kampuni hizo ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Sipingi kampuni kwa sababu ni kampuni; zimewafikia askari wa vijijini ambao hospitali ya serikali iko mbali nao. Ila anayelipwa kwa idadi ya chunguzi anavutwa na idadi, na kama juu yake hakuna jicho la kudumu, goti litapimwa kwa dakika chache na usiku wa yule mtu hautaulizwa kamwe.

Yaliyotokea kwa majeraha ya ubongo yanatosha kuwa onyo. Idara ya askari wastaafu ya Marekani ilikuwa imeelekeza kwamba utambuzi wa kwanza wa jeraha la ubongo ufanywe na mtaalamu wa mojawapo ya fani nne, zikiwamo za mishipa ya fahamu na za akili. Mwaka 2016 idara ilikiri kwamba askari zaidi ya 24,000 walikuwa wamechunguzwa kati ya 2007 na 2015 na watu wasiokuwa na utaalamu huo, ikawapa nafasi ya kuchunguzwa upya. Fikiria mtu aliyerudi Iraq na kichwa kilichotikiswa, anasahau majina ya wanawe, ameambiwa kwa barua rasmi kwamba hana kitu. Tiba haikushindwa hapo. Maelekezo yalikuwapo, uongozi haukuyafuatilia hadi chumbani.

Kuna askari wa Marekani ambao wasomaji wa lugha hii wanaweza kuwa ndugu zao. Mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha na ujuzi maalumu, ulioanza mwishoni mwa muongo wa 2000, ulikiweka Kiswahili katika orodha ya lugha zake, na vijana waliokulia Afrika Mashariki wakavaa sare ya Marekani. Mtu aliyelelewa kwetu akijuliwa hali hujibu kwanza kwamba ni njema, hata kama hakulala usiku kucha. Adabu ya nyumbani ilimfunza hivyo, na jeshi likamwongezea kwamba askari halalamiki. Mchunguzi asiyefundishwa ataandika kuwa hana malalamiko na kuita mwingine. Aliyefundishwa vizuri atauliza tena kwa njia nyingine: nani anakufungia kamba za viatu, uliacha lini kuendesha gari, mkeo analala chumba gani siku hizi. Huduma inayojua watu wake huandika maswali ya namna hiyo katika mafunzo, haisubiri bahati ya kumpata daktari mwenye moyo.

Sasa nirudi kwenye shaka. Marekani imeipa nafasi katika sheria: ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, askari anashinda. Mchunguzi hatakiwi kuthibitisha kwamba ugonjwa umetokana na jeshi. Inatosha kwamba uwezekano wa kuwa umetokana nalo haupungui ule wa kutokuwa hivyo. Uingereza ilikuwa imekwenda mbali zaidi. Mwaka 1943, vita vikiwa bado vinapiganwa, ilikubali kwamba mzigo wa ushahidi ubebwe na waziri. Katika mfumo huo wa zamani, askari akidai ndani ya miaka 7 tangu aondoke jeshini, serikali ndiyo inayopaswa kuonyesha, pasipo shaka ya msingi, kwamba utumishi haukuwa sababu. Kisha tarehe 6 Aprili 2005 ukaanza mpango mpya. Una mambo mazuri: humlipa hata aliye bado kazini, na malipo ya mkupuo kwa majeraha makubwa yameongezwa, hasa baada ya mapitio ya Lord Boyce ya 2010. Lakini mzigo umehamishiwa kwa askari, naye lazima aonyeshe kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa jeshi ndilo lililomuumiza. Nauona huu kuwa urejeo nyuma, na pesa iliyoongezwa haiufuti. Aliyejeruhiwa waziwazi, mbele ya mashahidi, amefaidika. Aliyeumia polepole, masikio yake au mgongo wake au akili yake, amebebeshwa shaka ambayo babu yake mwaka 1943 hakubebeshwa.

Ufaransa nitaipitia haraka. Louis XIV aliagiza kujengwa kwa Invalides mwaka 1670, askari wasiojiweza wapate pa kulala na kula badala ya kuombaomba barabarani. Hiyo ilikuwa fadhila ya mfalme. Sheria ya tarehe 31 Machi 1919 ikaigeuza kuwa haki: taifa linadaiwa, na ugonjwa uliotokea vitani huchukuliwa kuwa umetokana na vita mpaka serikali ithibitishe vingine. Marekani imefika karibu na hapo kipande kwa kipande, kama ilivyofanya katika sheria ya PACT ya Agosti 2022 kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka vitani. Mwenye ugonjwa uliotajwa na aliyetumika mahali palipotajwa haulizwi tena chanzo. Lakini Ufaransa iliyosema deni ni la taifa ndiyo iliyozigandisha pensheni za askari wake Waafrika na wa makoloni mengine kwa sheria ya Desemba 1959, zikabaki chini wakati za Wafaransa zikipanda. Baraza lake la juu la mahakama ya utawala liliupinga ubaguzi huo mwaka 2001, katika shauri la Diop. Wengi waliohusika walikuwa wameshazikwa.

Ndiyo maana silinganishi mapokeo haya kwa sheria zao peke yake. Huwa nauliza pia sheria ilimfikia nani. Karibu watu weusi 180,000 walipigania Muungano katika vita vya ndani vya Marekani. Waliotoka utumwani hawakuwa na hati za kuzaliwa, wengine walibadilisha majina baada ya kupata uhuru, na hospitali za kambi zao ziliandika machache. Sheria ya pensheni haikuwataja kwa rangi, lakini madai yao yalikubaliwa kwa kiwango cha chini kuliko ya wazungu. Ofisi iliomba karatasi ambazo nchi yenyewe ilikuwa imewanyima.

Kwetu karatasi zilikuwa chache zaidi. Mamia ya maelfu ya wapagazi walibeba vita vya 1914 hadi 1918 mabegani kati ya Mombasa, Dar es Salaam na Msumbiji, wakafa zaidi kwa kuhara, njaa na homa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao. Mishahara mingi ya waliokufa haikuzifikia familia zao. Katika vita vya pili, askari wa King's African Rifles walipigana hadi Burma, na nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilipangwa kwa rangi, mzungu akipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Uchunguzi wowote wa ulemavu uliojengwa juu ya mizani hiyo ulikuwa umepinda kabla daktari hajamgusa mtu.

Kuna kisa kinachosimuliwa katika vitabu vya historia ya vita ile ya kwanza. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa jeshi la kikoloni la Wajerumani waliokuwa bado hai. Wazee walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare. Inasemekana aliyekuja na fedha alimpa kila mzee ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna mzee hata mmoja aliyeshindwa. Nimelifikiria sana tukio hilo, kwa kuwa mchunguzi yule alifanya kitu ambacho huduma zenye kompyuta na maelfu ya madaktari hushindwa kukifanya. Alijiuliza mtu huyu anaweza kuwa na ushahidi gani, akautafuta huo, badala ya kumdai asioweza kuwa nao. Mipaka ya tukio hilo nayo inaonekana. Malipo yalikuwa ya askari. Mpagazi hakufundishwa gwaride, hakuwa na amri ya kukumbuka, na begani hakubaki na zaidi ya kovu la mzigo.

Siku hizi askari wetu huchunguzwa pia chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Hadi 1997 fidia ya mlinda amani ilifuata sheria za nchi yake, hivyo wawili waliojeruhiwa katika gari moja waliweza kulipwa viwango vilivyopishana mbali. Mwaka huo Baraza Kuu liliweka kiwango kimoja kwa wote, dola 50,000 kwa kifo, kikapandishwa baadaye, na ulemavu wa kudumu ukawa asilimia ya kiasi hicho. Kwa haki kati ya mataifa, hiyo ni hatua ambayo dola za kikoloni hazikuwahi kuikaribia. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Watanzania huko Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa kwa saa nyingi. Zaidi ya askari 10 waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Majeruhi wa siku ile wana tarehe na mashahidi. Ila mwenzao aliyetoka pale bila tone la damu, akaanza kusikia mlio sikioni au kuamka usiku akipiga kelele baada ya mwaka mmoja, atakwenda mbele ya bodi ya madaktari akiwa na nini?

Kenya ilipata sheria yake ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022, na nchi jirani zina wastaafu wao wa vita vya Kagera, vya Somalia, vya Kongo. Nawaomba watakaopewa kuziongoza bodi hizi wasianze na jedwali la asilimia. Waanze kwa kuandika katika kanuni kwamba ushahidi ukilingana askari apewe haki yake, na kwamba pale ambapo jeshi ndilo lililopoteza faili, upotevu huo usihesabiwe dhidi yake. Anayepima asiwe anayelipa. Askari aisome ripoti kabla uamuzi haujakatwa. Na kwa madaktari wa vikosi walio kambini leo: andikeni kila mlipuko, kila aliyekuwa karibu nao, hata aliyesema yu mzima, na nakala ya karatasi hiyo apewe askari mwenyewe kabla hajavua sare.